Jina la Ukoo Si Damu: Safari ya Jina Huber

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu, barua ya maombi ya kazi mkononi. Aliniamkia, akasita kidogo, kisha akaniuliza kama ingekuwa vibaya kuliacha jina lake la tatu nje ya barua ile. Alikuwa amesikia kwamba huko alikoomba kazi wakubwa husoma kwanza jina la ukoo, sifa za mwombaji baadaye. Nilimshauri aandike majina yake yote. Hata hivyo swali lake halikuniondoka, nami nimeona nilijibu hapa kwa kupitia njia ya mbali: historia ya jina moja la Kijerumani, Huber. Nimelichagua kwa sababu safari yake imeandikwa vizuri, na kwa sababu halina ndani yake ugomvi wetu wa nyumbani.

Katika Kijerumani cha kusini, Hube lilikuwa neno la ardhi kabla ya kuwa neno la watu. Lilitaja shamba linalotosha kulisha kaya moja na kulipa kodi ya kabaila. Ukubwa wake ulitofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa maana kilichopimwa hasa kilikuwa uwezo wa udongo wa kumweka mtu hai na kumfanya alipe. Huko Bavaria makarani wa kodi waliyapanga mashamba kwa madaraja: shamba kamili liliitwa Hof, nusu yake Hube, robo yake Lehen. Aliyekaa kwenye Hube akaitwa Huber, na aliyekaa kwenye Lehen akaitwa Lehner. Kaskazini, ambako neno lilitamkwa Hufe, mtu wa aina hiyo hiyo akaitwa Hufner.

Kwa hiyo jina hili halina babu mmoja. Lilizuka mahali pengi kwa wakati mmoja, popote palipokuwa na shamba la daraja hilo na karani wa kuliandika. Ndiyo maana leo ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Austria, Bavaria na Uswisi, na wengi wanaoitwa hivyo hawana undugu wowote. Tena katika vijiji vingi vya Bavaria jina lilikaa kwenye nyumba kuliko kwenye mishipa ya damu: mwanamume aliyeolea shambani kwa mkewe aliitwa kwa jina la shamba lile, hata kama alikuja na jina lingine. Dola zilipotaka kumjua mlipa kodi, askari na mrithi bila kukosea, zikaligandisha jina. Bavaria ilipiga marufuku kubadili majina kiholela mwaka 1677. Kilichokuwa anwani kikageuzwa kuwa urithi.

Kisha jina likaanza kusafiri. Januari 1525, mjini Zürich, kikundi kidogo cha waumini kilianza kubatizana upya wakiwa watu wazima, kikikataa kanisa linaloongozwa na serikali. Serikali ya mji iliwajibu kwa maji: Felix Manz, mmoja wa viongozi wao, alizamishwa katika mto Limmat Januari 1527. Waanabaptisti hao, ambao baadaye wengi wao waliitwa Wamennonite, walifuatwa na jela, faini na kufukuzwa kwa zaidi ya karne moja katika maeneo ya Zürich na Bern. Wakati huo huo nchi ya Pfalz, kando ya mto Rhine, ilikuwa imeachwa tupu na vita vya miaka 30 vilivyokwisha mwaka 1648. Mtawala wake alihitaji wakulima kuliko alivyohitaji usafi wa imani, akawafungulia mlango. Waswisi wakashuka na mto, akina Huber wakiwamo. Si wote waliokimbia mateso. Wengine walifuata ardhi tu, na hilo nalo si dhambi.

Hawakukaa kwa amani muda mrefu. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yalichoma miji ya Pfalz, na baridi kali ya mwaka 1709 ikaua mizabibu na mifugo. Maelfu wakashika tena njia ya mto hadi Rotterdam, na kutoka huko wakavuka bahari hadi Philadelphia. Kuanzia mwaka 1727 serikali ya Pennsylvania, iliyokuwa koloni la Waingereza, iliwataka wageni hao waorodheshwe na kula kiapo cha utii. Fikiria tukio lenyewe: mkulima wa Pfalz ametaja jina lake, na karani wa Kiingereza ameshika kalamu.

Hapa ndipo wengi husema karani aliliharibu jina. Mimi nasema alisikia vizuri. Katika lahaja ya Pfalz, b iliyo kati ya irabu mbili hulegea na kukaribia v. Huber hutamkwa kama Huver. Karani Mwingereza akiandika sauti ile kwa tahajia ya kwao, anapata Hoover. Kalamu yake ilihifadhi lahaja ambayo tahajia rasmi ya Kijerumani ingeificha. Andreas Huber wa kijiji cha Ellerstadt alifika Pennsylvania mwaka 1738 akiwa kijana. Wazao wake walijiunga na Waquaker, wakahama kupitia Maryland na North Carolina hadi Ohio, na hatimaye Iowa. Huko alizaliwa Herbert Hoover mwaka 1874, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1929.

Hoover yuleyule aliyesimamia chakula cha msaada kwa Wabelgiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, alielekeza viza zinyimwe watu wanaoweza kuwa mzigo kwa umma. Kipimo hicho kama kingetumika Philadelphia mwaka 1738, sijui ni wakulima wangapi wa Pfalz wangeshuka melini.

Msomaji wa Mara huenda tayari ameona mahali pa kuunganisha. Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, ndio waliotuma wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934. Mmoja wao aliitwa Elam Stauffer, na Stauffer nalo ni jina la Uswisi lililopita njia hiyo hiyo ya Pfalz na Philadelphia. Jina lililofukuzwa Bern likaishia katika kumbukumbu za kanisa kandokando ya Ziwa Victoria.

Sasa nirudi Ujerumani, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakokazwa. Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria iliyowatoa Wayahudi katika utumishi wa umma, na ghafla watumishi wakawa wanatafuta vyeti vya babu na bibi. Agosti 1938 ikatolewa amri kwamba Wayahudi ambao majina yao hayakutosha kuwatambulisha waongezewe jina: Israel kwa wanaume, Sara kwa wanawake. Haikuhitajika bunduki kutekeleza amri ile. Ilihitajika fomu, mhuri na karani mtiifu.

Katika miaka hiyo vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa na wahadhiri wawili ambao watu wangeweza kuwadhania ndugu kwa jina tu. Ernst Rudolf Huber, mwanasheria, alipewa uprofesa Kiel mwaka 1933, katika nafasi ya profesa aliyefukuzwa na utawala mpya. Aliandika kitabu kikubwa cha sheria ya katiba kilichofundisha kwamba mamlaka ya Kiongozi hayana mipaka. Kurt Huber, mwanafalsafa na mtaalamu wa muziki, alifundisha Munich. Huyu naye hakuwa malaika; alijiunga na chama tawala mwaka 1940. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1943, baada ya maafa ya Stalingrad, aliandika kipeperushi cha sita cha kikundi cha wanafunzi cha Waridi Jeupe, kikiwaita vijana waukatae udhalimu. Chuo kikuu chake kilimvua shahada. Mnamo tarehe 13 Julai 1943 alikatwa kichwa. Yule wa kwanza aliishi hadi uzeeni, akarejea kufundisha, akaandika historia ya katiba inayosomwa hadi leo.

Jina moja, taaluma moja, utawala mmoja. Ungeliwauliza jina la ukoo tu, ungelijua kwamba mahali fulani, zamani, mtu fulani alilima shamba la daraja la pili na karani akamwandika. Hayo ndiyo yote ambayo jina linaweza kuyathibitisha. Uamuzi wa mwaka 1943 haukuwamo ndani yake.

Ninajua miongoni mwa wasomaji wangu wapo wanaopokea mafaili ya waombaji. Kwenu ninyi sina mahubiri, nina ombi: soma barua kuanzia sifa, na ukilifikia jina, kumbuka kwamba unasoma maandishi ya karani mwenzako wa zamani, aliyesikia alivyosikia na kuandika alivyoandika. Ukilitumia kumpima mtu, unampima karani.

Mwanafunzi wangu aliipeleka barua yake ikiwa na majina yote matatu. Hadi ninapoandika haya, hajaitwa kwenye usaili.