Bia Yangu, Nchi Yangu? Tangu Lini?

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu watano kwa meza moja hapa Kitengela, kilo mbili za mbuzi katikati, na ule mjadala wetu wa kila wiki ukaanza: bia gani ndiyo kali? Mmoja ni wa Tusker hata umwamshe saa tisa usiku. Mwingine ni wa White Cap, na tulimwambia hiyo ni ya wazee wenye shamba. Wa tatu siku hizi anafanya kazi Westlands, kwa hivyo alikuwa anatufunza kuhusu bia za wapishi wadogo, zile chungu zenye harufu ya machungwa. Wa nne alikuwa na kikombe cha keg na hakusema mengi. Mimi nilikuwa nageuza chupa ya Tusker mkononi, nikikumbuka yale maneno ambayo lebo yake imebeba miaka mingi: Bia Yangu, Nchi Yangu.

Nikajiuliza, yangu tangu lini?

Basi leo sitawapa orodha ya bia tano bora. Nataka tuzipitie moja moja tuone kila moja ilifikaje kwa meza, na nani aliruhusiwa kuinywa. Kama hujafika miaka 18, wewe soma tu, glasi ngoja.

Tuanze na ile ambayo haikuwa kwa meza yetu kabisa. Kabla chupa yoyote haijafika Kajiado, Wamaasai walikuwa na enaisho, pombe ya asali. Ni asali, maji na mizizi ya mshubiri wanaouita osukuroi, vinawekwa kwa kibuyu karibu na moto, vinaachwa siku kadhaa vichache. Haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Moran hakunywa. Ilikuwa ya wazee, ya harusi na ya sherehe za rika, na wazee waliitumia kubariki watu. Yaani sheria ya nani anywe ilikuwepo, lakini iliwekwa na watu wenyewe, na kila mtu alijua zamu yake ingefika akizeeka.

Halafu sheria ikaanza kuwekwa na wengine. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa Laikipia na Bonde la Ufa wakasukumwa huku kusini. Mwaka huohuo wa 1911 kampuni ya magadi ilianzishwa, na reli ikajengwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Ziwa Magadi, ikakamilika 1915. Shikilia hiyo reli, tutarudi.

Sasa Tusker. Mwaka 1922 ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao H.A. Dowding, walianzisha Kenya Breweries kule Ruaraka. Desemba hiyo bia ya kwanza ikapelekwa hoteli ya Stanley mjini Nairobi. Mwaka uliofuata George alienda kuwinda akauawa na ndovu, na bia ikapewa jina la mnyama aliyemuua. Kwa Kiswahili inachekesha zaidi: tembo ni huyo mnyama, na tembo pia ni pombe ya mnazi kule Pwani.

Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Sheria ya ukoloni ilimkataza bia ya chupa hadi 1947. Hebu fikiria: miaka 25 hivi bia inapikwa Ruaraka, Mwafrika anabeba makreti, anaosha glasi, anahudumu mezani, na akionja amevunja sheria. Yeye alitengewa pombe ya kienyeji, na hata hiyo si kwa uhuru. Mapema miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijipa haki ya pekee ya kuipika na kuiuza katika ukumbi wa Pumwani. Mama aliyepika yake nyumbani alishikwa. Faida iliingia kwa mfuko wa kugharamia mitaa ya Waafrika, yaani watu walijilipia huduma zao kwa kulewa.

Ndiyo maana marufuku ilipoondoka, chupa haikuwa kinywaji tu. Kukaa baa na bia yenye lebo, mbele ya watu, ilikuwa ni kusema mimi pia ni mtu. Nikimwona mzee amevaa koti Jumapili, amekaa na White Cap moja ya moto kwa masaa matatu, simcheki tena. Huenda baba yake hangekubaliwa kuishika.

Uhuru ukaja, na ungedhani pombe ya kienyeji nayo ingepata heshima. Wapi! Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Moi ilizima vilabu vya busaa, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kilichokuwa kinyume cha sheria sasa ni kile ambacho maskini angeweza kumudu. Watu hawakuacha kunywa. Walienda kunywa gizani, na gizani hakuna anayepima kilicho ndani ya mtungi. Novemba 2000, huko Mukuru na mitaa mingine ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu. Kumi kumi, waliiita.

Hapo ndipo ile keg ya rafiki yetu wa nne inaingia. Senator Keg ilianza 2004: bia ya mapipa, haina chupa, haina lebo ya kubandua, na serikali iliisamehe ushuru ili mtu wa mapato ya chini apate kitu safi kwa bei ya chini. Barack Obama alipokuwa seneta huko Marekani, watu wakaanza kuiita Obama. Ukienda baa ukasema nipe Obama, unapewa kikombe. Baadaye ikapikwa kwa mtama, na wakulima wa sehemu kavu wakapata soko.

Halafu 2013 serikali ikapunguza ule msamaha kwa nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye sumu Embu, Kiambu, Makueni na kwingine. Siwezi kusema ushuru ndio uliowaua, kwa sababu aliyetia sumu ni mtu. Lakini 2015 serikali yenyewe ilirudisha msamaha, na hilo linakuambia kuna mtu alipiga hesabu.

Mimi hii hesabu naijua kwa nyumba yetu. Binamu yangu mkubwa alikuwa mtu wa Tusker, mbili Ijumaa, basi. Kazi ilipoisha akashuka kwa keg. Keg nayo ilipokuwa ghali akashuka kwa vichupa vya plastiki ambavyo hakuna aliyejua vinatoka wapi. Asubuhi moja aliamka anauliza mbona taa hazijawashwa, na jua lilikuwa limeshatoka. Alipona, lakini jicho moja halikurudi sawa. Tukisema jamaa fulani siku hizi amepoteza ladha, mara nyingi tunamaanisha amepoteza mshahara.

Sasa zile za Westlands. Karibu mwaka 2010 Brew Bistro ya Ngong Road ilianza kuzoesha Nairobi bia inayopikwa kidogo kidogo, na leo kuna majina kama Bateleur na 254. Nimeonja kadhaa. Kusema ukweli, kwa ladha ziko mbele. Lager zetu za kawaida zinafanana sana, na ukinifunga macho sina hakika nitatofautisha Tusker na Pilsner. Hizi nyingine zina uchungu, zina matunda, zina hadithi. Lakini angalia bei, kisha angalia nani anakaa hapo. Hakuna sheria ya 1947 mlangoni. Menyu inatosha.

Na heshima kwa Keroche ya Naivasha. Mwaka 2008 Tabitha Karanja alileta Summit sokoni, mwanamke Mkenya akashindana na kampuni yenye zaidi ya miaka 80. 2022 akachaguliwa seneta wa Nakuru. Kwa hivyo seneta wa kweli tunaye, si wa pipa tu.

Turudi kwa ile reli. Ukiwa na chupa mezani, igonge kidogo. Kioo ni mchanga uliyeyushwa, na mchanga peke yake unahitaji joto la nyuzi kama 1,700. Kinachoshusha hilo joto ni magadi. Ziwa letu liko ndani ya vioo vya nchi hii. Shayiri nayo hulimwa Narok, huko pia ni Umaasaini. Hata ikivunjika, huku kwetu kuna mafundi wa Kitengela Glass, mahali palipoanzishwa na Nani Croze, wanaoyeyusha kioo chakavu kuwa bilauri.

Kwa hivyo jibu langu kwa lebo ni hili: nchi imekuwa ndani ya hiyo chupa siku zote. Ni mwenye nchi ndiye aliyekuwa anafungiwa nje, kwanza kwa rangi, siku hizi kwa mfuko. Kila mara tunapofungia watu nje ya kitu safi, hawaendi kulala. Wanaenda nyuma ya nyumba, kwa kitu kichafu.

Mjadala wetu wa Jumamosi? Ladha nawapa wapishi wadogo. Historia nampa yule mzee na White Cap yake. Enaisho sijioni nikiipangia nafasi, hiyo nitangoja wazee waniite. Lakini kikombe ambacho sitacheka tena ni kile cha keg, kwa sababu sasa najua chini yake kuna nini.

Mhudumu alipokuja kuuliza, "Baridi ama moto?", nilimwambia kwanza amwongeze huyu wa keg, na bili ije kwangu.

Wewe kwenu wazee walikunywa nini, na nani aliwakataza? Waulize wangali hapa, kisha uje uniambie.