Polisi na Fitina za Unguja, 1961–1964

Mtu wa Mwamgongo, kaskazini ya Kigoma, aweza kudhani kwamba machafuko ya Unguja ni habari ya mbali naye. Si mbali sana. Njia ya misafara ilitoka Ujiji ikafika pwani na kuvuka mpaka kisiwani, na Wamanyema wengi walipelekwa kwa njia hiyo, baadhi yao wakiwa watumwa. Wazao wao walihesabiwa miongoni mwa “watu wa bara”, na jina hilo ndilo linalotuhusu.

Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. ZPPP ilipogawanyika, pande mbili zikawa sawasawa, kumi na moja kwa kumi na moja, ikabidi watu wapige kura tena tarehe 1 Juni. Siku hiyo ghasia zilizuka mjini, kisha zikaenea mashambani. Watu 68 walikufa, wengi mno Waarabu, na mamia walijeruhiwa. Polisi hawakutosha. Serikali ilitangaza hali ya hatari, ikaleta askari wa K.A.R. kutoka Kenya, ikakamata watu kwa mamia. Halafu tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ikachunguza sababu.

Basi, somo lilishikwa nusu. Kikosi cha polisi kiliimarishwa, lakini shaka baina ya watu haikuondoka. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, serikali ya Hizbu na ZPPP haikuwaamini askari wa bara, ikaanza kuwaachisha kazi. Askari aliyeachishwa huvua sare, havui ujuzi: ajua ghala la silaha lilipo, ajua na zamu hubadilishwa vipi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, waasi walitwaa silaha za polisi Ziwani na Mtoni, na baadhi yao walikuwa askari wa jana. Serikali ikaanguka. Maelfu wakauawa, wengi wao Waarabu; idadi yao yabishaniwa hata leo.

Kosa la Juni na kosa la Desemba lina mzizi mmoja, nao ni kumhukumu mtu kwa asili yake. Mara ya kwanza walihukumu watu barabarani. Mara ya pili ilihukumu serikali kwa amri. Deni likalipwa Januari, na wengi waliolilipa walikuwa watu wasiotoa amri yoyote.