Mikopo Ikaambiwa Ngoja: Jinsi M-PESA Ilivyochagua Kazi ya Kwanza

Kama kazi yako ni kuunda programu, unaujua mkutano wa Jumatatu. Orodha ina kazi thelathini, waundaji ni watatu, na kila mkubwa anasema yake ndiyo ya dharura. Meneja wa bidhaa huamuaje ipi ianze? Chuoni sikufundishwa. Funzo nimelipata katika historia ya kitu tunachokitumia kila siku hapa Kenya.

Wengi hudhani M-PESA ilibuniwa ili kutuma pesa. La hasha! Ilibuniwa kwa ajili ya mikopo midogo. Vodafone ilipata ufadhili wa serikali ya Uingereza, na Oktoba 2005 Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu Kenya, wakaanza majaribio. Wateja hawakufika 500. Kazi yao ilikuwa kupokea mkopo na kuulipa kwa simu.

Basi, watu ni watu. Mmoja aliweka pesa mwanzo wa safari akazitoa mwisho wa safari, asibebe noti njiani. Wengine walinunua kredi wakawatumia jamaa mashambani. Wafanyabiashara wakaweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyewafundisha hayo.

Upande wa mikopo, mambo yalikuwa magumu. Vitabu vya Faulu na mitambo ya M-PESA havikuongea, ikabidi hesabu zilinganishwe kwa mkono. Tena mikopo ile ilisimama juu ya vikundi vinavyokutana. Mtu akilipa akiwa kwake, mkutano ataenda kufanya nini?

Hapo ndipo uamuzi ulipofanywa. Mikopo ikaondolewa mbele, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa na mambo machache: weka, tuma, toa, nunua kredi. Ujumbe ukawa mmoja, tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Tusijidanganye lakini kwamba hakuna aliyeumia. Mkopaji ambaye mradi ulianzishwa kwa ajili yake ndiye aliyeambiwa angoje, na alingoja sana. M-Shwari ilikuja Novemba 2012. Ila tazama ilivyofanya kazi: ilipima nani akopeshwe kwa kuangalia, pamoja na mengine, jinsi alivyoitumia M-PESA. Mwaka 2007 kumbukumbu hizo hazikuwapo. Kutuma kulitangulia, kukaujengea mkopo msingi.

Nami nina dhambi yangu. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi tulitumia miezi miwili kuunda ripoti ya kumridhisha mkubwa mmoja, huku wateja wakipiga simu kila siku kuuliza risiti zao ziko wapi. Ripoti ile ilifunguliwa mara chache mno. Orodha tulikuwa nayo, tena ndefu. Tulichokosa ni kumtazama mteja.

Kwa hivyo Jumatatu ijayo, kabla hamjapiga kura, ulizeni maswali mawili. Watu wanafanya nini na bidhaa yetu bila kuambiwa? Na ni kazi ipi ikikamilika itaifungulia nyingine njia? Anayebaki nyuma mwambieni wazi kwamba anangoja, na kwa nini. Kumwambia "tutaangalia" si jibu.