Kabla ya Mashine, Kulikuwa na Mikono

Sisi waandishi wa programu tuna pupa. Tukiona kazi ya kurudiarudia, tunakimbilia kuikabidhi mashine. Kila pupa hiyo inaponishika, huikumbuka Copenhagen ya mwaka 1952.

Mwaka huo polio iliuvamia mji huo mkuu wa Denmark. Waliopooza misuli ya kupumua na kumeza walipelekwa hospitali ya Blegdam. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani tangi ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikibaki nje, na mashine 6 za kufunika kifua. Zote zilikivuta kifua kutoka nje ili kipanuke. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekewa mashine hizo, 27 walikufa.

Akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi. Aling'amua kwamba hewa chafu ilikuwa ikirundikana mwilini kwa sababu wagonjwa hawakupumua vya kutosha. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, akaingizwa mpira, na Ibsen akawa anamsukumia oksijeni kwa kubinya mfuko kwa mkono. Msichana akaokoka.

Lakini nani angebinya usiku na mchana? Wanafunzi wapatao 1,500 waliitwa, wakapokezana zamu. Kuna wakati wagonjwa 70 walikuwa wakipumulishwa kwa mkono kwa pamoja. Vifo vikashuka kutoka takriban 87% hadi karibu 40%.

Mkono una faida yake: makohozi yakiziba njia, mbinyaji huhisi mfuko umekuwa mgumu. Lakini mkono huchoka, na mwenye hofu hubinya haraka mno. Ndiyo maana mashine zilizosukuma hewa ndani, kama ile ya Carl-Gunnar Engström wa Sweden, zikachukua nafasi ya wanafunzi. Nao mfuko haukutupwa. Mwaka 1956 ulianza kuuzwa mfuko wa Ambu, unaojijaza hewa wenyewe bila umeme wala mtungi wa gesi. Hadi leo mfuko wa aina hiyo huwekwa karibu na mgonjwa aliye kwenye mashine. Mashine ikigoma, muuguzi huichomoa na kuanza kubinya.

Ndugu msomaji, mashine za mwanzo hazikushindwa kwa kukosa nguvu. Zilifanya kazi isiyofaa kwa wagonjwa wale, na ni mikono iliyoonyesha kazi inayofaa. Siku hizi kazi ngeni naifanya kwanza kwa mkono, ndipo naiandikia programu. Na programu ikikamilika, njia ya mkono siifuti.