Holmenkollen: Mgeni katika mashindano ya skii ya Oslo

Kila mwaka ifikapo mwezi Machi, maelfu ya wakazi wa Oslo, mji mkuu wa Norway, hupanda kilima cha Holmenkollen kushuhudia mashindano ya skii yaliyoanza mwaka 1892.

Kwa mhamiaji aliyekulia katika nchi zisizojua theluji, siku hiyo ni fursa adimu ya kuwaona wenyeji wake katika hali wasiyoionyesha mjini. Wanorway huheshimu mno faragha ya mwenzao. Mtu aweza kuishi miaka kadhaa katika jengo moja na majirani zake asipate zaidi ya salamu fupi ngazini. Msituni, kando ya njia ya skii, ukimya huo hulegea.

Historia

Kilima hicho kina hadhi kubwa katika taifa. Mfalme Olav V, alipokuwa bado mrithi wa kiti, alishiriki mwenyewe mashindano ya kuruka mwaka 1922 na 1923. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1952, watazamaji zaidi ya laki moja walikusanyika hapo. Mnara wa sasa wa kurukia ulifunguliwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata ukapokea mashindano ya dunia.

Michezo yenyewe

Mashindano yenye sifa zaidi ni mbio za kilomita 50. Wanawake walianza kushindana katika umbali huo hapo Holmenkollen mwaka 2023. Wakimbiaji huuzunguka msitu mara kadhaa, hivyo anayesimama mahali pamoja huwaona wakipita tena na tena.

Katika kuruka, urefu pekee hautoshi. Waamuzi watano hupima umaridadi wa mruko na wa kutua. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa.

Kufika na kusimama

Treni ya mjini, njia namba 1, humfikisha abiria katika kituo cha Holmenkollen. Mwaka 1973, wakati wa uhaba wa mafuta, Mfalme Olav V alipanda treni ya kilimani humo akiwa na skii zake, akataka kulipa nauli kama abiria mwingine yeyote.

Uwanjani huingiwa kwa tiketi. Lakini wenyeji wengi huelekea msituni, ambako sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea. Huko huwasha moto, huchoma soseji, humenya machungwa na kupiga kengele. Kuwasha moto msituni hukatazwa kwa jumla kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba, lakini Machi inaruhusiwa.

Mavazi

Nguo ya sufu ivaliwe karibu na mwili, kisha nyingine juu yake. Viatu viwe na nafasi ya soksi nene. Mwandishi wa makala haya alikwenda mara ya kwanza na viatu vya ofisini, na kabla ya saa moja kupita vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mzee mmoja asiyemfahamu alimvuta karibu na moto wake, akamkalisha juu ya ngozi na kummiminia kahawa. Hakumwuliza atokako hadi kikombe cha pili.

Mtu wa mwisho

Wapenzi wengi wa skii wanalikumbuka jina moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja mstarini, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie.

Mgeni asiyejua kuteleza hata hatua moja hupata hapo somo la namna ya kuishi na wenyeji. Wakimbiaji maarufu wakishapita, asiondoke haraka. Wenyeji hubaki wakipaza sauti ya "heia" hadi wa nyuma kabisa apite, naye akipaza sauti pamoja nao, hakuna atakayemwona mgeni.