Chama Kimoja, Kaunti 47: Jubilee Ilivyogawanyika Katika Seneti

Jumatatu, 17 Agosti 2020, Seneti ya Kenya ilitarajiwa kupiga kura kuhusu fomula ya kugawia kaunti fedha. Siku hiyo hiyo polisi waliwakamata maseneta watatu: Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu. Wote walikuwa wakiipinga fomula iliyokuwa mezani. Wenzao ukumbini walikataa kupiga kura huku wengine wakiwa mikononi mwa polisi, na kikao kikavurugika.

Lang'at alikuwa mwanachama wa Jubilee, chama tawala. Hakuwa mpinzani wa serikali kwa jina wala kwa kadi. Kosa lake lilikuwa kusimama upande mmoja na maseneta waliosema kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa fedha wao wakitazama.

Jambo kama hilo halikuwa geni. Mnamo 15 Oktoba 1975, Martin Shikuku wa Butere na Naibu Spika Jean-Marie Seroney wa Tinderet walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Wote wawili walikuwa wa KANU, na KANU ndiyo ilikuwa peke yake Bungeni. Miezi michache kabla ya hapo, ripoti ya kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ilikuwa imeligawa Bunge. Waziri Masinde Muliro alifutwa kazi kwa kupiga kura kinyume na msimamo wa serikali, na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu wakamfuata. Shikuku na Seroney waliachiliwa Desemba 1978, baada ya Rais Jomo Kenyatta kufariki. Kwa hiyo anayedhani ugomvi mkali wa Bunge la Kenya umekuwa kati ya chama na chama hajaisoma historia yake vizuri.

Ugomvi wa fedha nao ni mzee kama Jamhuri. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe penye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, kwa hoja kwamba huko ndiko zitakakozaa zaidi. Wajir, Mandera, Turkana, Marsabit na Tana River zilibaki zikingoja. Katiba ya 2010 ilikuja kurekebisha hilo: angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwa kaunti 47, na Seneti iamue kwa muda maalumu kila kaunti ipate kiasi gani. Tume ya Ugavi wa Mapato hushauri, lakini kura ni ya maseneta. Kura yenyewe hupigwa kwa kaunti, si kwa vichwa. Kila kaunti ina kura moja, na zinahitajika 24. Sharti hilo ndilo lililokifanya chama kushindwa kuwaburura watu wake mwaka 2020.

Fomula ya pili, iliyokuwa ikikaribia mwisho wake, ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 26 kwa mgao sawa, 18 kwa umaskini na 8 kwa ukubwa wa ardhi. Zilizosalia zilikuwa za vigezo vidogo. Fomula ya tatu ilileta afya, kilimo, barabara na miji. Kwa macho ya haraka, uzito wa idadi ya watu ulikuwa umeshuka. Kwa kweli afya, kilimo na miji ni vigezo vinavyofuata watu walipo, na wingi wa watu ukawa umerudi kwa mlango wa nyuma. Kiambu, Nakuru, Nairobi na Uasin Gishu zingeongezewa. Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit na kaunti kadhaa za Pwani zingekatwa, nyingine kwa mamilioni mengi. Katika Mlima Kenya kaulimbiu ilikuwa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa mama wa Wajir anayesafiri siku nzima kutafuta zahanati, kaulimbiu hiyo ilimaanisha kwamba umbali hauna gharama.

Mjadala huo uliikuta Jubilee ikiwa imepasuka tayari. Tangu Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga waliposalimiana mnamo 9 Machi 2018, wabunge wa Jubilee walikuwa wamegawanyika kati ya Kieleweke, waliokuwa wa Rais, na Tangatanga, waliokuwa wa Naibu Rais William Ruto. Mei na Juni 2020 fagio likapita. Kipchumba Murkomen aliondolewa katika kiti cha Kiongozi wa Wengi wa Seneti, kikapewa Samuel Poghisio wa KANU. Susan Kihika alipoteza ukiranja, ukaenda kwa Irungu Kang'ata. Mnamo 22 Mei Profesa Kithure Kindiki aling'olewa unaibu spika kwa kura 54 dhidi ya 7. Katika Bunge la Kitaifa, Aden Duale alimwachia Amos Kimunya uongozi wa wengi. Kimani Ichung'wah aliondolewa Kamati ya Bajeti, akaingia Kanini Kega, na William Cheptumo akapoteza uenyekiti wa Kamati ya Sheria.

Tuangalie kamati hizo kwa makini, maana hapo ndipo mwananchi anapoumia bila kujua. Kamati ya Bajeti hupitia makadirio ya kila wizara, huwasikiliza mawaziri, na huweza kupendekeza fedha zihamishwe kutoka fungu moja hadi jingine. Kamati ya Sheria huupitia mswada wa katiba kabla haujafika ukumbini. Mwenyekiti akijua kwamba barua ya kiranja inaweza kumtoa wakati wowote, atauliza maswali gani?

Chama kiliweza kugawa viti, lakini hakikuweza kugawa fedha. Karibu mara kumi Seneti ilijaribu kuimaliza hoja ya fomula ikashindwa. Maseneta waliojiita Team Kenya walitoka kila upande: Murkomen na Mithika Linturi wa Jubilee, Ledama Olekina wa ODM, Mutula Kilonzo Mdogo wa Wiper. Johnson Sakaja wa Jubilee ndiye aliyenigusa zaidi. Kaunti yake ya Nairobi ingeongezewa fedha, lakini alisimama na wale ambao wangekatwa. Ni nadra kumwona mwanasiasa akikataa nyongeza ya nyumbani kwake ili mwenzake asipungukiwe.

Baada ya vurugu za 17 Agosti, Seneti iliunda kamati ya watu 12 ikiongozwa kwa pamoja na Moses Wetang'ula na Sakaja. Wakati huo mwaka wa fedha ulikuwa umeanza tangu Julai, wafanyakazi wa kaunti wakingoja mishahara, na magavana chini ya mwenyekiti wao Wycliffe Oparanya wakatangaza kwamba watasitisha shughuli. Mnamo 17 Septemba maseneta walikubaliana. Fomula mpya ilipita, lakini isitumike hadi mwaka uliofuata, na Hazina iongeze shilingi bilioni 53.5 juu ya bilioni 316.5 ili zifike bilioni 370, pasiwepo kaunti inayopoteza. Kilichomaliza vita kilikuwa nyongeza hiyo. Vitisho na kamata-kamata havikubadilisha msimamo wa Team Kenya.

Waliofagiliwa hawakupotea. Baada ya uchaguzi wa 2022 Ichung'wah alikuwa Kiongozi wa Wengi, Murkomen na Duale wakawa mawaziri, Kihika gavana wa Nakuru, na mwaka 2024 Kindiki akawa Naibu Rais. Sasa wao ndio wenye fagio. Kanuni inayokiruhusu chama kumwondoa mjumbe katika kamati kwa barua kwa Spika ingali ile ile. Walioonja machungu yake wana kila sababu ya kuibadilisha, ili mwenyekiti wa kamati aondolewe kwa kura ya wajumbe wenzake na kwa sababu zilizoandikwa. Wapiga kura wao wawaulize lini watafanya hivyo.