Kachumbari

Anayejifunza Kiswahili akikutana na neno kachumbari huenda akadhani ile ka- ya mwanzo ni ya udogo, kama katoto au kanyumba, kisha aanze kuitafuta chumbari kubwa. Haipo. Neno lilivuka bahari likiwa zima kutoka Bara Hindi, ambako kachumber ni vitunguu, nyanya na matango mabichi yaliyokatwakatwa na kukamuliwa ndimu. Huku likakaa kando ya pilau, baadaye nyama choma, wala hakuna tena anayeliona geni. Hata saladi haikuling'oa: sokoni saladi ni jani lenyewe, ilhali kachumbari haiwi kachumbari mpaka kisu kipite.

Chumvi ndiyo inayoiharibu. Wengi hukifikicha kitunguu kwa chumvi ili kupunguza ukali, wakakisuuza mara moja, halafu wakatia nyingine ya ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate na ya mchuzi. Ukali wa kitunguu hupungua hata kwa kukiloweka katika maji baridi. Ladha iachiwe ndimu, pilipili na giligilani (wa Nairobi wataiita dania, na hatugombani). Tena chumvi ikitiwa mapema huivuta nyanya maji, kachumbari ikabaki inaogelea. Anayetaka chumvi lazima ajinyunyizie mezani, kwa ncha za vidole.